Siku Watani Walipokuwa na Adabu

Kama hujawahi kuchekeshwa msibani mpaka ukasahau unalia nini, basi hukuzaliwa upande wetu wa ziwa. Kwetu Kalemie, upande wa Kongo, kuna watu wa ukoo wa Chui na watu wa ukoo wa Mbuzi, na hao ni watani. Chui akifa, Mbuzi ndio wanaokuja kumvunjia heshima. Wanavaa nguo zake, wanatembea mwendo wake, wanarudia maneno yake ya uchoyo, wanatandika mkeka barabarani na kukataa jeneza lisipite mpaka marehemu aage vizuri. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika anatozwa kuku, na kuku mwenyewe analiwa na hao hao waliomuudhi. Mbuzi akifa, Chui nao wanarudisha. Nani alianzisha mambo haya hakuna anayejua, na wanaosema wanajua wanadanganya.

Evodie alikuwa Mbuzi, tena Mbuzi wa kuchagua. Mama yake alikuwa akiitwa kwenye vilio vya Chui kuanzia mjini hadi Niemba, na mtoto alijifunza kazi hiyo akiwa ameshika ncha ya kitenge chake. Alipokua akafungua saluni ya kusuka nywele mtaa wa Kataki, viti viwili na kioo chenye ufa, na wateja walisema ulimi wake unasuka kuliko vidole. Ungemtajia mtu yeyote wa mtaa, angesimama, chanuo mkononi, na mtu huyo angeingia saluni mzima mzima.

Halafu, kama watu wote wa siku hizi, akafungua ukurasa mtandaoni. Aliuita Kilio cha Wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kwa nini wakubwa wasubiri kufa ndipo waonyeshwe jinsi wanavyotembea?

Sasa, Papa Ngoy. Huyu alikuwa mkuu wa mradi ulioitwa Maji Mlangoni, na mradi ulikuwa na robine moja tu ya kujivunia, bomba la mtaa lililosimama jirani na saluni. Robine hiyo ilizinduliwa mara tatu. Kwanza walikuja wakubwa wa jimbo, utepe mwekundu ukakatwa. Miezi ikapita, wakaja wageni kutoka Kinshasa, ukafungwa utepe mwingine, nao ukakatwa. Kisha wakaja wafadhili wenye kofia, ikawa vile vile. Kila mara maji yalitoka mpaka wageni walipopanda magari yao. Baada ya hapo wanawake walichukua bido zao, yale madumu ya manjano, wakateremka ziwani kama walivyoteremka bibi zao.

Basi Evodie akajifunga utepe mwekundu shingoni, akasimama wima ukutani mbele ya simu, akageuka robine.

"Miye njo robine ya Kataki," akasema kwa sauti ya bibi harusi aliyechoka. "Wamenioa mara tatu. Kila bwana anakata utepe, anapigwa picha, anaenda zake. Hakuna hata mumoja amelala hapa."

Kisha akageuka Papa Ngoy. Akavuta suruali juu ya kitambi, akakohoa kile kikohozi chake kifupi, akaahidi kwamba utepe wa nne ukikatwa robine itatoa maji siku za kazi na pombe siku ya Mungu. Video hiyo ilikwenda mbio kuliko boti. Wafanyakazi wa saruji kule Kabimba waliiona, wachungaji wa ng'ombe kule Pepa waliiona, ikavuka ziwa mpaka Kigoma na kurudi imejaa vicheko vya Watanzania.

Papa Ngoy hakucheka. Na hapa ndipo ninapomshangaa, kwa sababu alikuwa Chui kamili, na angeweza kurudisha. Evodie alikuwa na mengi ya kuigwa. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa Kinshasa miaka mingi, akarudi na tai, na moyoni akajipangia kwamba utani ni wa msibani, mtandao ni mambo ya serikali. Akatafuta wakili wa mbali ambaye hakuwahi kumwona mtani hata kwa picha. Mashtaka yakaandikwa: kumtusi mtu mwenye madaraka, na kueneza habari za uongo kwa njia ya mtandao. Mahakama ikatoa amri ya muda. Evodie aufunge ukurasa wake, akabidhi simu yake, na mpaka kesi iishe asimwigize wala kumdhihaki Papa Ngoy au mtu yeyote wa familia yake, kwa njia yoyote, mahali popote. Wakili aliyapenda sana maneno hayo ya mwisho. Yeye ndiye aliyeyaomba.

Evodie aliogopa. Nasema wazi kwa sababu baadaye watu walimpamba mno. Siku aliyosomewa amri hiyo alishindwa kumaliza kichwa cha mteja. Wakili wake, Metre Nadine, binti aliyesomea Lubumbashi na kurudi kwao, alimwambia bila kumficha kwamba sheria ya mtandao ni mpya, kila mmoja anaivuta upande wake, na wakishindwa anaweza kulala gerezani kwa miezi.

Na hakuitwa peke yake. Nyuma ya saluni, kwenye chumba kilichotenganishwa kwa pazia, alipanga Glody, msichana aliyetoka kaskazini ya ziwa, upande wa Baraka, akiuza ndakala wakavu, wale dagaa wa ziwa. Glody alikuwa ameirusha ile video kwenye kikundi cha WhatsApp cha wauza samaki, akaongeza kikohozi chake mwenyewe mwishoni. Naye akaitwa, naye akanyang'anywa simu, na ndani ya simu hiyo walikuwamo wateja wake wote. Evodie alipojaribu kumfariji, Glody alitikisa kichwa.

"Weye unashitakiwa na ndugu yako," akamwambia. "Siku moja mutacheka, itaisha. Miye niko mutani wa nani hapa?"

Evodie akalishusha pazia na kurudi kwenye kazi yake.

Ukurasa ukafungwa. Kama waliofunga walidhani wamemaliza kazi, walikuwa hawawajui wanawake wa Kataki. Asubuhi moja mama mmoja aliteremka ziwani na kipande cha utepe mwekundu kwenye mkono wa bido yake. Kesho yake walikuwa wengi. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyecheka. Polisi mmoja alipouliza maana yake, alijibiwa kwamba ni alama tu, bido isipotee, na akabaki akitazama msururu mzima wa alama zinazofanana. Angezikamata vipi? Hata mke wake alikuwamo kwenye msururu.

Lakini mtu aliyemuumiza moyo Evodie zaidi ya wote alikuwa Mama Domitille. Huyu alikuwa mama mzazi wa Papa Ngoy, Chui mzee mwenye meno machache, aliyeimba kanisani kwa sauti iliyoifunika kwaya nzima na kunywa chai kwa mvumo. Alikuwa mteja wa saluni tangu zamani. Video ya robine aliitazama pale pale kitini, akacheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Ile kikohozi ilitoka kwangu," akasema akijifuta macho. "Siku yangu ikifika, Evodie, usiniigize kidogo-kidogo. Uniigize vizuri. Na ujue, mwosha huoshwa. Weye pia utapata wa kwako."

Baada ya amri, bibi aliendelea kuja kusukwa. Zamani Evodie angemwigiza akinywa chai, naye bibi angemwigiza Evodie akidai hajalala. Sasa walikaa kimya kama wageni wawili kwenye chumba cha daktari. Siku ya mwisho Mama Domitille aliondoka amekasirika kweli kweli. Alisema mwanawe amemnunulia vitu vingi, lakini hiki kimya hakumtuma akinunue.

Wiki haikupita, tansyon, presha ya damu, ikamwangusha jikoni. Alifika hospitali amekwisha nyamaza.

Evodie alilia juu ya kiti kile kile. Alipomaliza kulia, akamwendea Metre Nadine na kumwuliza itakuwaje akienda kumwigiza marehemu. Nadine alimwonyesha amri: mtu yeyote wa familia, kwa njia yoyote, mahali popote. Akifungua mdomo tu, gerezani. Je, watu wengine wa ukoo wa Mbuzi? Hao hawakutajwa. Lakini Mbuzi walipokutana jioni kwa Evodie walikataa katakata. Kama mdomo mmoja umefungwa, walisema, yote imefungwa. Hawatamwacha mtoto wao nje ya kazi aliyoachiwa na mama yake. Lakini kutokwenda kabisa nako kulikuwa dhambi. Ndipo Evodie akawaambia waende, tena waende wote, na waende na adabu.

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na Chui walikuwa wameanza vizuri. Hema lilikuwa limetandazwa uwanjani, wanawake wamekaa chini na marehemu, wanaume kwenye viti vya plastiki. Basi asubuhi Mbuzi wakaingia. Wamechana nywele, wamevaa nguo zilizopigwa pasi, wanatembea mmoja nyuma ya mwenzake. Walipita kwa wafiwa, wakatoa mkono, wakasema pole sana, Mungu awatie nguvu. Wakakaa. Walipopewa chai wakasema asante. Evodie alikunywa yake polepole bila mvumo wowote, na machozi yakimwingia kikombeni.

Mtani akikupa pole kwa adabu, ujue amekuvua undugu. Anne-Marie, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeng'amua kwanza. Sahani ilimtoka mkononi. Akauliza Chui wamewakosea nini watani wao. Akajibiwa, kwa upole wa kutisha, kwamba wanaheshimu amri ya mahakama. Hapo wanawake wa Chui wakaangua kilio kingine kabisa, kilio cha woga, kwa sababu hakuna Chui aliyewahi kuzikwa bila kuchekwa. Anayezikwa hivyo ni maiti ya mgeni iliyookotwa ufukweni.

Anne-Marie akainuka, akapita katikati ya watu mpaka alipokaa Papa Ngoy na suti yake nyeusi.

"Ngoy," akamwambia, "umemufunga mudomo muntu wa kumuzika mama yako."

Papa Ngoy akainuka kujibu. Kwa mazoea, akavuta suruali juu ya kitambi, akakohoa. Watu walimtazama. Hakuna aliyecheka, hata mtoto, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu alisimama vile na mkono kiunoni, uso ukamvunjika, akalia kama mtu aliyefiwa.

Asubuhi hiyo hiyo alikwenda mahakamani na nguo zake za msiba. Hakimu alikuwa mama aliyehamishiwa Kalemie hivi karibuni, na si yeye aliyetoa ile amri. Aliisoma tena taratibu, miwani ikiwa puani, kisha akamwuliza Papa Ngoy kama ni yeye aliyeomba amri hii, na kama ni yeye tena anayeomba iondolewe. Papa Ngoy akasema aiondoe kwa leo tu, kwa mazishi, baadaye irudi. Hakimu akamwambia kwamba mdomo wa mtu si duka, ufunguliwe saa fulani na ufungwe saa fulani. Akamwita Metre Nadine na mwendesha mashtaka, akalisimamisha lile katazo la kuigiza mpaka siku ya kesi; ukurasa ukabaki umefungwa, na simu zikabaki mahakamani.

"Siku ile," akasema, "mutanieleza tofauti ya kumucheka muntu barabarani na kumucheka katika simu. Miye bado sijaiona."

Jeneza lilipotoka uwanjani, mkeka ulikuwa tayari umetandikwa barabarani, na juu yake amekaa Mama Domitille. Ndivyo wanavyosema mpaka leo waliokuwapo. Kilemba chake, kitenge chake cha parokia, midomo iliyoingia ndani. Evodie alikunywa chai isiyokuwapo, na mvumo wake ulisikika mpaka nyuma kabisa. Aliimba wimbo wa kanisa akiifunika kwaya iliyokuwa ikiimba kweli. Watu wakaanza kushikana mabega.

"Siendi," akasema Mama Domitille. "Sijaoga. Nitafika kwa Mungu na mavumbi ya Kataki? Ngoy! Leta maji, mutoto wangu. Haiko ile robine uliniambia? Nilikuwa pale siku ya utepe ya kwanza, nilivaa viatu. Siku ya pili nilivaa viatu. Siku ya tatu nikavaa viatu, nikabeba na bido. Viatu viliisha, bido bado iko tupu."

Chui na Mbuzi walianguka kwa vicheko. Anne-Marie alikaa chini barabarani. Papa Ngoy, aliyeshika jeneza upande wa mbele, alicheka na kulia pamoja, mabega yakitikisika mpaka wenzake wakamwambia aangalie wasimwangushe mama. Kisha Evodie akaukunja mkeka, akavua kilemba, akakiweka juu ya jeneza. Mama Domitille akapita. Alizikwa vizuri, na wote waliokuwapo waliliona hilo.

Siku chache baadaye, mchana, Papa Ngoy alikuja saluni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, akatazama ufa wa kioo. Alikuwa mpole. Alimshukuru Evodie kwa kazi ya msibani. Akasema amezungumza na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, nao wamekubali: Evodie asaini kwamba alikosea, afute video, naye Papa Ngoy atasamehe, kesi ife.

"Weye uko mutani wangu," akasema. "Una haki yako. Nilisahau, naomba unielewe."

Mtu asikudanganye kwamba Evodie hakutamani. Alitamani kulala usingizi. Alitamani simu yake. Lakini nyuma ya pazia alisikia ndakala wakimwagwa kwenye ungo, akauliza, na Glody je?

"Glody ni nani?" akauliza Papa Ngoy. Alipoelezwa, akakunja uso. "Ule haiko mutani. Hana ukoo hapa. Kama kila muntu anaweza kunicheka, nitafanya kazi namna gani?"

Ungo ukanyamaza nyuma ya pazia.

"Papa Ngoy," akasema Evodie, "musamaha ni ya muntu mwenye kukosa. Miye sikukosa. Kama watani njo wanaweza kukucheka peke yao, basi batu wengine wote umewafunga. Robine haiko ya Chui na Mbuzi. Ni ya mutaa."

"Unapenda kufungwa?"

"Hapana. Naogopa sana. Lakini twende, tusikie tribinali itasema nini."

Metre Nadine aliposikia alijishika kichwa. Alimwambia Evodie kwamba mtu mwenye akili akifunguliwa mlango anatoka, hasimami kizingitini kujadili bawaba. Halafu akakaa usiku kucha na vitabu vyake, kwa sababu kusema kweli hata yeye alikuwa ameisubiri kesi ya namna hiyo tangu atoke chuoni.

Siku ya kesi chumba kilijaa, na bido zenye utepe zilipangwa nje ukutani. Mwendesha mashtaka alisema video ina uongo dhahiri: robine haijaolewa, na mradi haujaahidi pombe. Hakimu akauliza kama kuna mtu yeyote aliyekwenda kwenye robine siku ya Mungu na chupa. Kicheko kilipita chumbani, akagonga meza. Metre Nadine akasimama. Akasoma kifungu cha ishirini na tatu cha Katiba, kinachompa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, akaisoma pia mipaka yake bila kuificha: sheria, utulivu wa nchi, maadili mema. Kisha akaweka karatasi chini.

"Uongo unataka uaminiwe," akasema. "Mzaha ukiaminiwa umeharibika. Mteja wangu hakumdanganya mtu hata mmoja, na kila aliyecheka ni shahidi wake."

Hakimu akamgeukia Papa Ngoy. Akamkumbusha kwamba barabarani, mbele ya umati, Evodie alisema yale yale. Je, yalimwumiza?

Papa Ngoy akasimama. "Iliniumiza, Mama Jaji."

"Mbona hukuita polisi?"

"Kwa sababu njo hivi tunafanya." Mkono ukaenda kiunoni, akaurudisha. "Na alisema kweli. Ile maji haitoke."

Chumba kilinong'ona. Nitampa haki yake: mtu mwenye tai aliyesema hivyo mbele ya watu wote hakuwa mtu mbaya. Lakini mwendesha mashtaka hakuwa amemaliza. Akasema sawa, huyu mtani alindwe na mila yake. Mila hiyo haimhusu Glody. Akaomba basi Glody peke yake aadhibiwe, liwe fundisho kwa wanaorusharusha video. Evodie akamtazama Glody kwenye benchi, amejikunja na kitenge chake mpaka kidevuni.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Hakimu aliisoma kwa Kifaransa, kisha akavua miwani na kuieleza kwa Kiswahili, ili waliosimama madirishani nao wapate.

"Utani naiheshimu," akasema. "Lakini sihukumu kwa utani. Katiba haiulizi ukoo wa muntu. Mwenye kushika kazi ya batu wote, batu wote wanaweza kumucheka juu ya ile kazi, hata yule alishuka jana katika boti."

Akaeleza kwamba mipaka ipo. Wangesema Papa Ngoy ni mwizi bila ushahidi, wangelitukana kabila lake, wangewachochea watu wampige, leo wangelala kwingine. Hawakufanya hata moja. Na ile amri, akasema, ilizidi kipimo: kwa ajili ya video moja ilifunga ukurasa mzima, tena ikakataza vicheko ambavyo bado havijachekwa. Ukurasa ufunguliwe. Simu zirudishwe, zote mbili. Evodie na Glody hawana hatia.

Glody alijificha uso kwenye kitenge, akalia kwa sauti. Mwendesha mashtaka alikuwa na haki ya kukata rufaa. Hakukata. Papa Ngoy alikuja Kataki na fundi, bila utepe na bila mpiga picha, wakachimba mfereji mpaka wakapata bomba lililopasuka. Siku hizi maji yanatoka asubuhi, si kila asubuhi, lakini wageni wasipokuwapo pia yanatoka.

Ningeweza kukuachia hapo, nawe ungemwona Evodie ni malaika. Hapana. Ushindi ulimpanda kichwani. Alianza kutembea polepole kama mtu anayepigwa picha. Alining'iniza kifungu cha ishirini na tatu juu ya kioo, ndani ya fremu. Mteja akiuliza kama ataanza na katikati au pembeni, anajibiwa "kama nilivyosema pale tribinalini", wakati pale tribinalini Evodie hakusema karibu kitu.

Alasiri moja, akiwa amemfikisha mteja nusu ya kichwa, simu za wanawake waliokuwa wakisubiri zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Wakachungulia, wakaziba midomo, wakamtazama, wakatazama chini. Evodie akafungua yake.

Alikuwa Glody. Amesimama juu ya kreti ya samaki, chanuo limechomekwa nyweleni, mkono mmoja kiunoni, macho yamefumbwa nusu. "Miye njo Evodie," akasema Glody wa kwenye simu. "Mbele ya kukusuka, simama kwanza, tusome Katiba." Kisha akamsuka mteja msuko mmoja, akahutubia, akasuka mwingine, akahutubia, mpaka mteja akazeeka kitini na nywele zake zikawa nyeupe upande mmoja.

Joto lilimpanda Evodie kutoka shingoni mpaka masikioni. Neno la kwanza lililomjia, na alilikiri baadaye mwenyewe, lilikuwa: nani amempa ruhusa? Haiko hata mutani wangu. Kidole kilikuwa kimeshafika pale unapobonyeza kuomba video iondolewe, na simu ilikuwa ikimwuliza sababu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Akainua macho, akakutana na mteja wake ndani ya kioo, nusu amesukwa, nusu amesimama nywele, yuko pale tangu asubuhi. Juu yao ilining'inia ile fremu.

Mwosha huoshwa. Alimsikia kabisa Mama Domitille akilisema, na chai ikivuma.

Evodie akaweka simu mezani. Kicheko kilianza kidogo kama kikohozi, kikamshinda nguvu, akashikilia kiti cha mteja asianguke, na saluni nzima ikapasuka pamoja naye. Alipopata pumzi akalifungua pazia la nyuma. Glody alikuwa amesimama katikati ya ndakala wake na simu mkononi, amekauka kwa woga.

"Glody," akamwambia, akijifuta macho kwa kitenge. "Kuya hapa. Kiuno changu hakiendi vile. Tazama, nitakuonyesha. Usiniigize kidogo-kidogo."